Nimefunga tairi za matope kwenye Hilux, juzi mteremko wa Igawilo gari limekataa kusimama

Viazi_Uyole

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu, hili jambo limeninyima usingizi siku ya tatu leo.

Niko Uyole, Mbeya. Nina Hilux ya dizeli, dabo kebini, naendesha mwenyewe. Kazi yangu ni viazi mviringo. Nanunua mashambani huko juu upande wa Kitulo, nashusha kwa njia ya Isyonje hadi Uyole, na mara mojamoja nampelekea mteja wangu Tunduma. Anayezijua njia za kuingilia mashambani kule wakati wa masika hahitaji kusimuliwa. Ule udongo mweusi ukilowa unajaa kwenye tairi mpaka meno yote yanapotea, tairi linabaki laini kama chungu. Mwaka jana mwezi wa pili nililala mtaroni na gunia nane za lumbesa, nikavutwa asubuhi na trekta kwa shilingi elfu hamsini.

Kwa hiyo Januari hii nikavunja kibubu, nikanunua tairi nne za matope, zile za meno makubwa yaliyoachana, saizi 285/75R16. Gari lilikuja na 265/70R16. Kwenye tope sina la kulalamika hata kidogo. Pale nilipolala mwaka jana sasa napita na mzigo, sihitaji hata kufunga minyororo.

Shida ni lami. Kelele yake ni kama una ndege ya helikopta juu ya kebini, ukifika 80 mke wangu ananiongelesha kwa kupaza sauti. Mafuta yanakwenda zaidi. Hayo nilishayakubali. Ila lililotokea Jumamosi siwezi kulikubali.

Saa kumi jioni nilikuwa natoka shamba, gunia nane nyuma, mke wangu kiti cha mbele, mtoto wetu wa miaka minne kiti cha nyuma. Nikatoka kwenye tope nikaingia lami pale Isyonje bila kusimama, maana wingu lilikuwa zito na nilitaka kuwahi. Mchana kutwa lilikuwa limepiga jua. Nilipoanza kushuka kuelekea Igawilo mvua ikaanza, rasharasha tu, haikuwa ile ya kufunga barabara. Mbele yangu Kosta ikasimama kushusha abiria. Dashibodi inasoma 60. Nikakanyaga breki mapema, sikuchelewa, nawaapia. Kanyagio likaanza kutetemeka mguuni kama ABS (ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki) inavyofanya, na gari likaendelea kwenda. Halikuserereka kwa ubavu wala halikuzunguka. Liliendelea kwenda mbele kama vile hakuna mtu aliyeshika breki.

Nyuma ya Kosta akatokea mama ana beseni la parachichi kichwani, anavuka. Nikakata usukani kushoto. Yule mama akaliachia beseni akaruka. Gari likaja kusimama nusu kwenye lami nusu kwenye majani, beseni liko chini ya bampa, parachichi zinabingirika kwenye maji kuelekea bondeni. Nilishuka magoti hayana nguvu. Yule mama hakunitukana. Aliniangalia tu, akaanza kuokota moja moja, akinifikia ananipita. Nilimlipa beseni zima na bado sijisikii kwamba nimelipa.

Usiku nimefika nyumbani, nikawasha tochi kukagua tairi. Kwenye tairi la mbele kushoto nikakuta kokwa ya parachichi imekaa katikati ya meno mawili, imeenea kabisa kama imetengenezewa pale. Nikaitazama muda mrefu. Ule upana wote uliobeba kokwa ndio sehemu ya tairi ambayo haikuwa inagusa lami.

Fundi amekagua breki: pedi bado nene, mafuta ya breki sawa, diski hazina shida. Mwingine ananiambia "zikizoea lami zitatulia." Naomba kujua kwa anayefahamu kweli: ni tairi, ni mzigo, au ni mimi? Na je, hizi tairi ni za kutembelea barabara ya watu wote kila siku?

---

Fundi_Nzovwe

Pole sana ndugu yangu, na mshukuru Mungu kwa yule mama. Kabla sijasema lolote nijibu mawili. Kwanza, siku ile upepo ulikuwa ngapi? Wengi mkiingia tope mnapunguza. Pili, tafuta ubavuni mwa tairi maandishi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Ni zipi?

---

Viazi_Uyole

Mkuu, nilipunguza mpaka PSI 20 asubuhi wakati naingia shamba. Sikujaza tena. Nilisahau, na mashine ya upepo sikuwa nayo garini. Tarakimu ni 0918 kwenye tatu, moja imegeukia ndani sijaisoma.

---

Fundi_Nzovwe

Asante kwa kusema kweli, wengine wangeficha. 0918 maana yake zilitengenezwa wiki ya tisa ya mwaka 2018. Hizo tairi uliuziwa kama mpya kwa sababu meno yake hayajalika, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo. Mpira mzee unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami yenye maji. Siku nyingine usilipe kabla hujasoma hizo tarakimu.

Sasa nikueleze nionavyo mimi, nimebadilisha tairi hapa Mbeya miaka mingi na magari ya aina yako yananijia sana.

Tairi la matope limeachwa nafasi kubwa kati ya jino na jino kwa makusudi, ili likizunguka tope lirushwe nje na jino lipate kuchimba upya. Uwazi huohuo ndio unaokupunguzia mpira unaogusa lami, kama ulivyoona mwenyewe kwa ile kokwa. Halafu jino lenyewe ni refu na limesimama peke yake. Ukishika breki, jino linapinda kwanza kabla halijashika. Shika kifutio kirefu cha penseli ukisukume mezani utaona ninachosema. Na ukitazama tairi la kawaida la lami, kwenye kila jino kuna vijikato vyembamba kama vilivyochorwa na wembe. Vile ndivyo vinavyokata ule utando mwembamba wa maji. Tairi la matope mara nyingi halina, au linavyo vichache sana.

Atakuja mtu hapa aseme meno makubwa yanatoa maji vizuri. Kwenye dimbwi refu la maji ni kweli kabisa, yanapitisha. Lakini wewe hukukutana na dimbwi. Ulikutana na rasharasha ya kwanza baada ya jua la mchana kutwa, ambayo inalowesha vumbi na oili iliyodondoka barabarani na kuifanya lami ya utelezi kuliko ikinyesha saa nzima. Ongeza na udongo wa Kitulo uliokuwa bado umeshindiliwa kwenye meno. Ongeza upepo wa 20 na gunia nane za lumbesa juu yake. Tairi linalegea, ubavu unakunjwa, meno yanalala. Na kwa mwendo mrefu linapata joto mpaka linaweza kupasuka, kwa hiyo hata kama yule mama asingetokea, ulikuwa na hatari nyingine inakusubiri njiani.

Na kuna jambo ambalo hujaliuliza. Umebadilisha saizi. 265/70R16 ina kimo cha milimita kama 777. 285/75R16 ni kama 834. Tofauti ni asilimia 7 hivi. Dashibodi haijui kwamba umebadilisha, bado inahesabu mizunguko ileile. Ikikusomea 60 wewe uko 64. Ikikusomea 50 kijijini uko karibu 54, na trafiki mwenye tochi hatakuelewa. Breki zako nazo sasa zinazuia gurudumu kubwa na zito kuliko lile zilizotengenezewa.

Kwa hiyo ni tairi, ni upepo, ni umri wa mpira, ni saizi, na ni mwendo. Huyo aliyekwambia zitazoea, mwambie mpira hauzoei.

---

Mkonga_Mafinga

Kamwene wadau. Mimi natofautiana kidogo na fundi, ingawa kaongea vizuri.

Naendesha Land Cruiser mkonga, niko Mafinga, kazi zangu ni ndani ya misitu ya Sao Hill kubeba watu na mashine za kupasulia mbao. Nimevaa tairi za matope miaka sita na sitazivua. Ndani ya msitu masika yakichanganya hakuna tairi lingine litakalokutoa, na kule visiki na mawe yanachana tairi za kawaida ubavuni. Tairi la matope lina ubavu mnene. Mtu akisema hizi tairi ni mbaya, anasema hivyo kwa sababu hajawahi kubeba mgonjwa saa nane usiku kwenye njia ya magogo.

Ila nakubali jambo moja. Mimi lami naigusa labda kilomita kumi kwa siku, na nikiigusa naendesha kama nimebeba mayai. Natoka msituni nasimama, nachokonoa tope kwa bisibisi, najaza upepo kwa kikompresa kinachochomekwa pale pa kuwashia sigara. Dakika ishirini. Mvua ikinyesha sizidi 50 na naacha nafasi ya magari matatu mbele yangu. Mzungu mmoja tuliyefanya naye kazi alinionyesha tairi zake zimeandikwa POR ubavuni. Akasema Ulaya hiyo ni alama ya tairi za kazi ngumu nje ya barabara: meno yake yana kina kisichopungua milimita 11, na herufi yake ya mwendo haizidi Q, yaani kilomita 160 kwa saa. Zimewekewa kundi lake kwa sababu hata watengenezaji wanajua si tairi za safari ya kila siku.

Ndugu wa viazi, wewe kwa wiki unatembea lami kilomita ngapi na tope kilomita ngapi? Anzia hapo.

---

Binti_Kiwira

Samahani kaka zangu, mimi sina gari. Nauza ndizi na parachichi kando ya barabara na mama yangu, na nimesoma habari ya yule mama nikashindwa kupita kimya.

Nyie mnaongelea kusimama. Naomba niwaambie tunachokiona sisi tuliokaa chini. Gari la tairi hizo likitoka shamba likashika mwendo, mabonge ya udongo yanaruka. Mengine yana mawe ndani. Mdogo wangu alipigwa begani na bonge la ukubwa wa ngumi, mkono ulivimba wiki nzima. Yale yasiyoruka yanabaki juu ya lami. Mvua ikinyesha yanakuwa uji, na hapo ndipo anapopita bodaboda na abiria wawili. Mwezi uliopita kijana wa jirani yetu alianguka hivyohivyo kwenye kona, mguu umevunjika, na aliyeacha ule udongo hajui mpaka leo kama kuna mtu alianguka.

Sisemi msilime wala msibebe viazi. Na sisi tunakula kutokana na hiyo barabara. Ila msimame kabla ya kuingia lami mtoe udongo. Hata kwa kijiti.

---

Mwalimu_Matamba

Nakazia alichosema dada yangu hapo juu. Na kwa wanaopanda kwetu kupitia Chimala, zile kona hamsini na saba: kushuka na mzigo kwa tairi hizo msitegemee breki, wekeni gia namba mbili tangu juu. Shemeji yangu alishuka kwa gia ya nne anashika breki kila kona, alipofika chini diski zilikuwa zinatoa moshi.

---

Viazi_Uyole

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Asanteni wote. Nimefanya mlichoniambia na mengine nimeyaongeza.

Mkuu wa Mafinga, nilichukua daftari nikahesabu. Wiki iliyopita nimetembea kilomita 412. Za tope ni 38. Nilipoiona hiyo namba nilikaa chini. Nimekuwa nikivaa viatu vya shambani kwenda navyo kila mahali kwa ajili ya kilomita 38.

Halafu nilitaka kuona kwa macho, maana moyo wangu bado ulikuwa unaitetea ile pesa. Kuna uwanja wa zamani wa maghala huku kwetu, una lami, hakuna anayepita. Niliomba ruhusa kwa mlinzi. Nikajaza upepo sawasawa, nikachokonoa meno yote mpaka yakawa safi, nikapakua gari likawa tupu, yaani nikazipa hizo tairi kila nafasi ya kushinda. Tulimwagia maji kwa pampu ya bustani. Mwendo sikusoma dashibodi, nilisoma simu, ili isinidanganye. Kilomita 40 kwa saa, nikifika kwenye jiwe nakanyaga breki yote. Mara tano. Kisha tukavua tukafunga tairi za shemeji yangu, 265/70R16 za mchanganyiko, zile za lami na vumbi, tukarudia mara tano palepale.

Za mchanganyiko zilisimama kwa hatua zangu 12, mara moja 13. Za matope hatua 16, 16, 17, 16, 18. Hatua nne ni kitu gani? Nilisimama pale kwenye hatua ya 12 nikamwambia mke wangu asimame kwenye ya 16. Kati yetu anaenea mtu na beseni lake na nafasi inabaki. Na hiyo ni mwendo wa 40, gari tupu, tairi safi.

Fundi, ile ya nne nimeisoma, nayo ni 0918. Aliyeniuzia nimemfuata, anasema mali ikishatoka dukani hairudi. Sina la kumfanya.

Nilichoamua: nimenunua tairi za mchanganyiko saizi ya gari, safari hii nilikaa na tochi dukani nikasoma tarakimu za kila moja mbele ya muuzaji. Minyororo niliyokuwa nimeitundika ukutani nimeishusha, nimeipaka oili, iko nyuma ya kiti. Nikifika mwisho wa njia nzuri naifunga, nikitoka naifungua kabla ya lami, maana minyororo kwenye lami inaichimba barabara na yenyewe inakatika. Jumanne nimeijaribu. Kuifunga kumenichukua nusu saa, na mikono iliganda kwa baridi ya kule juu. Nilipita na gunia sita. Nane zisingepita, nakiri. Mbili niliziacha kwa mwenye shamba nikazifuata siku ya pili. Imenigharimu safari, na hesabu ya mwezi huu itakuwa pungufu.

Kikompresa nimenunua. Na kijiti, dada wa Kiwira, nimechonga cha mti mgumu, kipo chini ya kiti cha dereva. Pale Isyonje nasimama upande wa kushoto kabla ya kupanda lami, natoa udongo wa tairi zote nne. Juzi kijana mwenye Canter alisimama kuniuliza kama nimepata pancha. Nikamweleza. Akashuka akaanza kutoa wa kwake kwa wili spana.

Yule mama nimempata. Anauzia karibu na kituo cha daladala Igawilo. Nilimpelekea debe mbili za viazi. Akaniuliza kwanza mtoto wangu hajambo, kwa sababu siku ile alimsikia analia ndani ya gari.

---

Mkonga_Mafinga

Ubarikiwe ndugu. Hizo za 2018 utazifanyaje? Nina trela ya kuvutia magogo, haitoki msituni kabisa, haizidi mwendo wa mtu anayekimbia.

---

Viazi_Uyole

Kama ni trela ya ndani ya msitu, chukua zote nne kwa bei ya moja. Ila niahidi hazitafungwa kwenye gari la barabarani, hata kama mtu atakuja kukupa pesa nzuri. Nitumie ujumbe pembeni tupange basi la kuzipakia.